Dundu Aliyepimwa Bawa Siku ya Harusi Yake

Paukwa.

Pakawa.

Palikuwa na nini?

Palikuwa na bawa.

Bawa la nani?

La mwenyewe.

Na kipimo?

Cha jirani.

Naam. Mmeitikia vizuri, isipokuwa nyie wa nyuma, mlioitikia kama mna uji wa moto mdomoni. Sogeeni. Hadithi hii ina mahali pa kuimba, na mimi wimbo nafundisha mara moja tu.

Hapo zamani za kale, zamani za zamani, kila mwenye bawa aliruka, na hakuna aliyemuuliza mwenzake anarukaje. Ndege aliruka. Mdudu aliruka. Popo naye aliruka, ingawa mwenyewe hakujua kama ni ndege au ni mnyama. Asubuhi wanapanda, jioni wanashuka, maisha yanaendelea.

Siku hizo alikuwapo Bwana Korongo. Mnamjua: miguu mirefu, shingo ndefu, mdomo mrefu, na maneno marefu kuliko vyote hivyo. Korongo alikuwa na kijiti cha kupimia. Alikikata mwenyewe mtoni, akakichonga alama kwa ncha ya mdomo wake, na hakuachana nacho. Akiona kiota, anapima. Akiona yai, anapima. Na akipima anafumba jicho moja. Nyie mnajua tulivyo: mtu akifumba jicho moja tu, tunamwita fundi.

Akampima Tai. Akaangalia mwili, akaangalia bawa, akasema, "Mwili huu, bawa hili, unaruka." Na kweli, Tai akaruka.

Akampima Njiwa. Akaangalia mwili, akaangalia bawa, akasema, "Mwili huu, bawa hili, unaruka." Na kweli, Njiwa akaruka.

Akampima Mbuni. Hapo alifumba jicho la kulia, akalifumbua, akafumba la kushoto. Akasema, "Mwili huu, bawa hili, huruki." Na kweli, Mbuni hakuruka. Aliondoka kwa mbio, na mpaka leo anakimbia.

Basi jina la Korongo likapanda. Watu wakasema, Korongo akisema unaruka, unaruka. Akisema huruki, huruki. Hakuna aliyekumbuka kwamba Tai alikuwa anaruka tangu kijiti kile hakijakatwa.

Sasa, upande wa huku wa mto alikaa Dundu. Dundu mwenyewe ndiye yule mdudu mnene, mweusi, mwenye magamba magumu mgongoni, anayeruka kwa kelele, vuuu, kama mtu anayekuja kugombana. Lakini hakuwa mgomvi. Alikuwa kijana mpole, mwenye adabu, na alikuwa amemchumbia binti wa kidundu wa ng'ambo ya pili, jina lake Mwanamvua. Akimtaja Mwanamvua, hata sauti yake ilibadilika.

Baba yake Mwanamvua alikuwa mzee wa kushika wakati. Akasema, "Ndoa itafungwa jua likifika utosini. Kijana akichelewa, yupo Konokono. Konokono ana nyumba yake mwenyewe."

Mkewe akaongeza, "Na hajapanga."

Mnacheka. Wazazi wa siku zile na wa siku hizi ni walewale.

Asubuhi ya harusi Dundu akaoga umande, akajipaka mafuta mpaka magamba yakang'aa, akaondoka, vuuu. Mto ulikuwa umefurika. Mvua ilikuwa imenyesha huko milimani, huku chini hata tone, vumbi tupu. Lakini maji yalikuwa yanakuja mekundu, yamebeba magogo. Dundu hakuyajali. Maji ni ya wanaopita chini.

Alipokaribia ukingo akasikia mtu anamwita. "Kijana, hebu shuka."

Dundu akashuka. "Shikamoo, Bwana Korongo."

"Marahaba. Unakwenda wapi umepaka mafuta hivyo?"

"Ng'ambo, mzee. Leo ninaoa."

"Hongera. Na mto utauvukaje?"

"Nitaruka."

Korongo akamtazama toka kichwani mpaka miguuni, safari ambayo kwa dundu si ndefu. "Utaruka wewe? Fungua mgongo nione."

Dundu akafungua yale magamba mawili magumu, yaliyo kama vifuniko vya sufuria. Chini yake akakunjua mabawa yake ya kweli, membamba, yanayoonyesha upande wa pili, kama shela iliyokaa sandukuni. Akayalaza mchangani kwa adabu. Korongo akaweka kijiti, akafumba jicho. Akapima bawa mara moja. Akapima tumbo mara mbili, maana mara ya kwanza hakuamini.

"Mwili huu," akasema, "unataka bawa mara sita ya hili. Tena bawa lenyewe halina hata unyoya. Mwanangu, huruki."

"Lakini nimekuja hapa nikiruka."

"Umekuja kimakosa."

"Na jana, mzee? Jana pia niliruka."

"Jana pia ulikosea."

Dundu angekuwa mjeuri, hadithi ingeishia hapo na sote tungekwenda zetu. Lakini Dundu alikuwa na ugonjwa wa watu wapole: neno likisemwa na mkubwa, yeye analimeza zima. Akasema asante. Akainua mabawa aondoke, na safari hii, mara ya kwanza tangu azaliwe, alikuwa anayafikiria. Bawa dogo. Tumbo kubwa. Bawa dogo. Tumbo kubwa. Akapanda kimo cha nyasi, akaanguka, pu.

Sasa ndipo pa kuimba. Nianze, mfuate:

*Pima, Korongo, pima,*
*tumbo kubwa, bawa dogo,*
*pima, Korongo, pima,*
*Dundu wetu yuko chini.*

Msiimbe kwa furaha namna hiyo. Mwenzenu anaumia.

Mara akatokea Bi Nzi kutoka ng'ambo, ana chembe ya pilau mdomoni. Harusini hakualikwa, lakini tangu lini nzi akaalikwa? Akasema, "Shemeji, bado uko huku? Wenzako wameshaanza kukuulizia. Na Konokono ameitwa. Ametoka nyumbani kwake. Yaani, ametoka nayo." Akageuka, akarudi kwenye pilau.

Dundu akaanza kupangusa macho. Korongo hakuwa na roho mbaya, tuseme ukweli; shida yake ilikuwa kujua sana. Akasema, "Usilie. Nitakufundisha kuruka inavyotakiwa. Panda juu ya kichuguu kile. Tandaza mabawa kama Tai, usitikise kitu, upepo utakubeba."

Dundu akapanda kichuguu. Akatandaza mabawa. Hakutikisa kitu. Akajiachia. Tai ni Tai, ana bawa la kulalia upepo. Dundu alikwenda chini kama embe, pu.

*Pima, Korongo, pima,*
*tumbo kubwa, bawa dogo…*

Mmalizie wenyewe kimoyomoyo, ninyi mnapenda kuanguka kwa watu.

Bi Nzi huyo, karudi. "Shemeji, Konokono amefika kizingitini. Wamemfagilia njia, kwa sababu ile ya kwake inateleza."

Korongo akasema, "Haraka, somo la pili. Fanya kama Njiwa. Piga bawa chini, inua juu. Piga, inua."

Dundu akapiga chini, akapanda kidole kimoja. Akainua juu, akashuka kidole kimoja. Akapiga, akapanda. Akainua, akashuka. Kile alichokipata kwa kwenda, alikirudisha kwa kurudi. Korongo akauliza, "Unaendeleaje?" Dundu akajibu, "Ninaendelea, mzee, lakini palepale." Na pumzi zilipomwishia, pu.

"Basi fanya kama mimi," akasema Korongo. "Mimi ni mzito pia, lakini huanza kwa mbio. Kimbia, kimbia, kimbia, kisha jirushe."

Mguu wa Korongo mmoja ni mrefu kuliko ukoo mzima wa dundu ukipangwa mstari. Lakini kijana akakimbia. Akakimbia na vijiguu vyake sita, vingine vikivikanyaga vingine, mpaka ukingoni, akajirusha, akaingia kwenye tope mpaka shingoni. Pu hiyo haikuwa hata na sauti.

Bi Nzi akarudi mara ya tatu, na safari hii hana kitu mdomoni. "Shemeji, mambo yameharibika. Konokono ameufikia mkeka. Kichwa kiko juu ya mkeka, nyumba bado iko chini. Nyumba ikipanda, ndoa inafungwa."

Dundu akalia. Hakulilia tope wala mafuta yaliyoharibika. Alimlilia Mwanamvua, kwa kuwa alimpenda, na jua lilikuwa limebakiza upana wa kiganja kufika utosini, na kutoka pale alisikia kabisa vigelegele vya ng'ambo vikipigwa kwa ajili ya mtu mwingine.

Bi Nzi akamgeukia Korongo. "Wewe bwana, mbona mimi hujanipima?"

"Tulia hapo nikupime."

"Nikitulia utapima nini? Bawa langu kazi yake si kutulia."

"Kitu hupimwa kikiwa kimetulia," akasema Korongo. "Ndiyo kanuni."

"Basi mpime mpishi akiwa amelala, halafu useme hajui kupika."

Akashuka mpaka karibu na ardhi, akasimama hewani juu ya vumbi, haendi mbele, harudi nyuma. Vumbi likainuka, na kwa lile vumbi wote wakaona kitu ambacho siku zote hakionekani. Mnakijua kinyamkela, ule upepo wa kuzunguka unaopita uwanjani mchana, unaobeba majani makavu, na watu wakiuona wanasogea pembeni? Basi juu ya kila bawa la Nzi, kwenye ukingo wa mbele, palikaa kinyamkela kidogo, chembamba kama uzi, kinazunguka. Bawa linakwenda, linageuka, linarudi, linageuka, linachora kama nane iliyolala. Likienda linazaa kinyamkela, likirudi linazaa kingine, na kila kinyamkela kinalinyonya bawa kwenda juu.

"Umeona?" akasema Nzi. "Ndege anapiga mabawa. Sisi tunaukoroga upepo mpaka utubebe."

Mimi sikusoma hesabu, lakini nimesonga ugali miaka thelathini, na hapo nilimwelewa Nzi. Anayechoma mwiko juu chini, juu chini, atatoboa sufuria na ugali hautaiva. Msongaji anaulaza mwiko. Akienda anaugeuza, akirudi anaugeuza, na kwenda ni kazi, na kurudi ni kazi. Korongo angejulia wapi? Yeye samaki anamla mbichi.

Korongo akafumba jicho la kulia. Akafumba na la kushoto. Kijiti chake hakikuwa na alama ya kitu kama kile.

Mtasema, basi Dundu akaruka. Hapana. Dundu akasema, "Kumbe. Nimeelewa." Akatoka topeni, akafungua mgongo, akaanza kuhesabu kwa mdomo: kwenda, geuza, kurudi, geuza. Lakini bawa la dundu linageuka mara nyingi kuliko ulimi unavyoweza kutaja. Ulimi ulipofika kwenye "kurudi", mabawa yalikuwa yameshagongana yenyewe. Pu. Sasa alijua kila kitu, na bado alikuwa chini. Maneno ya Korongo yalikuwa yamemkaa tumboni, na hayo ndiyo yaliyokuwa mazito.

"Basi," akasema Nzi kwa upole, na Nzi si mtu wa upole, "nikamwambie Mwanamvua asikungoje."

Ng'ambo ya pili, Mwanamvua alikuwa ndani amekalishwa, amepakwa piko miguu yote sita, amefunikwa shela. Wanawake wanaimba hayawi hayawi, yamekuwa. Na mnajua desturi: bibi harusi hatoki, hasemi, hainui macho. Bi Nzi akapenya chini ya shela, akamnong'oneza yote, toka kijiti mpaka tope.

Mwanamvua akasimama.

Somo yake, yule mama aliyemfunda, akamshika. "Kaa, mwanangu. Bibi harusi kutoka nje kumfuata mume ni aibu, na itasemwa hata kwa wajukuu zako."

"Somo yangu," akasema Mwanamvua, "aibu ni kuolewa na nyumba."

Akafungua mgongo, akapita dirishani na shela yake, vuuu. Mwili wake ulikuwa uleule wa kidundu. Bawa lake lilikuwa lilelile la kidundu. Tena, mniwie radhi, tumbo lake lilizidi la Dundu kidogo. Lakini yeye hakuwa amewahi kupimwa na mtu.

Korongo akamwona anakuja juu ya maji. "Binti," akaita, "hebu shuka nikupime."

"Nipime hapahapa juu."

Korongo akanyoosha shingo, akanyoosha kijiti. Mwanamvua akasogea huku, akasogea kule, akarudi nyumanyuma, na bado anaruka. Korongo akanyoosha zaidi, akasimama kwa ncha ya mguu, kijiti kikamponyoka. Kikaangukia mtoni, maji mekundu yakakibeba pamoja na magogo.

Mwanamvua akatua mbele ya Dundu. Akamtazama na lile tope lake. Hakumgombeza. Alimuuliza tu, "Ulikuja kwetu kuniposa mara ngapi?"

"Mara saba."

"Ulikuja na mtumbwi?"

"Niliruka."

"Mara zote saba?"

Dundu akainamisha kichwa. "Bwana Korongo anasema nilikosea."

"Basi, mume wangu," akasema Mwanamvua, "kosea mara ya nane."

Dundu akacheka. Ilimtoka tu, alicheka mpaka magamba yakagongana, na alipokuwa anacheka alilisahau tumbo. Mtu hawezi kucheka na kujipima kwa wakati mmoja. Alipokuja kushtuka, mguu haugusi chini, na masikio yamejaa vuuu, na vuuu hiyo ni yake mwenyewe.

Wakaondoka wawili. Katikati ya mto Dundu akachungulia maji, akaanza kushuka kidogo kidogo. Mwanamvua akamwuliza, "Unahesabu nini?" Akasema, "Sihesabu kitu." Akapanda tena.

Huko harusini nyumba ya Konokono ilikuwa imeinama kwenye ukingo wa mkeka, nusu juu, nusu chini, wageni wamechoka kubana pumzi. Dundu akaingia kwa dirisha, Mwanamvua nyuma yake, akaanguka katikati ya mkeka, pu, miguu juu. Konokono kwa kushtuka akajivuta ndani. Huyo aliyeitwa tangu asubuhi, kurudi kwake nyumbani hakukuchukua hata kufumba na kufumbua.

Mama mkwe akaitazama ile nyumba kwa huzuni, akaguna. Baba mkwe akachungulia nje. Jua lilikuwa utosini kamili.

"Kijana," akasema, "tuliambiwa huwezi kuvuka. Umekujaje?"

"Kimakosa, baba," akasema Dundu.

Wakamgeuza, wakampangusa tope, ndoa ikafungwa, pilau ikaliwa, na Bi Nzi kwa mara ya kwanza akawekewa sahani yake.

Korongo naye mpaka leo anasimama majini kwa mguu mmoja, shingo ameinamisha, anaangalia chini. Watu husema anavua samaki. Anatafuta kijiti.

Na Dundu? Dundu anaruka, na wanawe wanaruka. Ila yale maneno hayajamtoka yote tumboni. Ndiyo maana mtamwona anakuja vizuri tu, vuuu, amenyooka, halafu ghafla anagonga ukuta na kuanguka pu katikati ya sebule. Amekumbuka. Siku hiyo msimcheke sana, na msimpime. Mgeuzeni tu, mmwache aende.

Kipimo si kibaya, wanangu, hata mimi unga wangu napima. Lakini bawa lipimwe likiwa kazini. Na mtu akishafika mlangoni kwako anahema, usimweleze kwamba hawezi kufika. Kijiti chako ni kifupi. Ongeza alama, au kitupe mtoni. Nawe uliyepimwa ukaambiwa huwezi, kabla hujatoa asante, jiulize kwanza ulifikaje hapo uliposimama.

Hadithi yangu imeufikia mkeka, kichwa na nyumba yake, imekaa. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, nirudishieni mwenyewe, nitainywea chai.